Jinsi ya kufaidi makumbusho ndogo na ngoma za kwetu, kuanzia tembe la Kwihara mpaka mwembe wa Ujiji (mwongozo kamili)

Mara ya kwanza kuingia tembe la Kwihara, ile makumbusho karibu na Tabora mjini ambako David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kizungu, aliwahi kukaa, nilikuwa darasa la sita. Shule ilitupeleka kwa lori, tukapangwa mstari, tukaingia mlango wa mbele, tukazunguka vyumba, tukatokea uani huku mwalimu anasema twendeni twendeni jua linakuwa kali, dakika kumi na tano tushamaliza, tukala mihogo yetu chini ya mwembe tukarudi Tabora mjini. Mama akaniuliza umeona nini, nikamwambia hakuna kitu kule, ni mzungu tu na nyumba ya udongo.

Nimekaa na jibu hilo miaka zaidi ya ishirini, mpaka siku nilipompeleka babu yangu mzaa mama. Babu alivyofika pale hakuingia, alisimama nje anaangalia paa. Akasema hili paa bila kupondwa udongo kabla ya masika linavuja, nani analiponda siku hizi? Kaka aliyekuwa anatupokea akacheka kwa furaha, akasema shikamoo babu, umeuliza swali ambalo wageni hawaliulizi, basi wakaanza hapohapo nje, wakaongea boriti, fito, udongo wa kichuguu, na mie nimesimama pembeni naona kama nyumba inafunguka yenyewe. Tulitoka baada ya masaa karibu matatu.

Ndo maana naandika huu mwongozo. Makumbusho zetu za huku ni ndogo, vitu ni vichache, na mtu akienda haraka lazima aone hakuna kitu. Kumbe jumba dogo ndo linataka muda mrefu zaidi, kwa sababu nusu ya vitu vyake viko vichwani mwa watu, haviko ukutani. Nitaeleza mie navyofanya, hatua kwa hatua, kwa Tabora na Kigoma, ukiwa sehemu nyingine utabadilisha mwenyewe.

HATUA YA 1: Nenda na swali moja

Usiende "kutembea tu". Chagua swali moja kabla hujatoka nyumbani, liwe dogo, liwe lako. Mfano mie siku ile na babu swali letu lilikuwa: wapagazi walikuwa kina nani? Maana historia tuliyosoma shuleni ni Livingstone na Stanley, Livingstone na Stanley, utadhani walitoka Bagamoyo mpaka hapa wawili tu wanapiga stori. Mizigo je? Ilitembea yenyewe?

Ukiwa na swali hilo unaanza kuona vingine kabisa. Burton na Speke, wasafiri Waingereza, walifika Tabora Novemba 1857 (wenyewe walipaita Kaze) na Ujiji wakafika Februari 1858, na njia waliyopita ilikuwa njia ya watu tayari, Wanyamwezi walikuwa wanaenda pwani na kurudi, pembe zinashuka, vitambaa na shanga vinapanda. Hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora na Kwihara, ndo palikuwa njia panda, moja inaendelea magharibi Ujiji, nyingine inapanda kaskazini Karagwe na Buganda. Kwa hiyo mji wetu haukuota kwa bahati, ulikuwa stesheni kabla reli haijafika, na reli yenyewe ilipokuja 1912 ikafuata palepale.

Maswali mengine mazuri: nyumba hii ilijengwaje? Walikula nini? Wanawake wa kwenye misafara walifanya nini? Chagua moja, mengine siku nyingine.

HATUA YA 2: Nenda na mzee

Hii kwangu ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo watu wengi wanairuka. Tunaenda vijana watupu, tunapiga selfi mlangoni, tunarudi. Ukienda na bibi, babu, shangazi mkubwa, au hata jirani mzee mwenye kumbukumbu, yeye ndo anageuka makumbusho.

Sasa namna ya kumshawishi. Ukimwambia babu twende makumbusho atakwambia mie miguu inauma, nenda wewe. Mwambie "babu nataka unionyeshe nyumba za zamani zilikuwaje", hapo atavaa kanzu kabla hujamaliza sentensi. Kodi bajaji, usimpandishe bodaboda kwenye vumbi lile, beba maji, beba kofia, nendeni saa mbili au saa tatu asubuhi kabla jua halijachoma. Na ukifika cha kwanza mtafutie pa kukaa. Mzee aliyekaa anasimulia, mzee aliyesimama anawaza kurudi nyumbani.

HATUA YA 3: Kufika Kwihara

Kutoka Tabora mjini ni kama kilomita 6, upande wa kusini magharibi. Mie natokea Isevya, nakubaliana na dereva wa bajaji bei ya kwenda na kurudi kabisa, na namwambia mapema kwamba tutakaa sana, akitaka aende na arudi nikimpigia. Usimwache dereva anasubiri nje anapiga honi, atakuharibia siku nzima.

Beba kitambulisho maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni tofauti, beba na hela ndogondogo kama akiba, na ukilipa omba risiti. Kama mnaenda kundi la shule au la kanisa pigeni simu au tumeni mtu siku moja kabla, ili mhudumu ajipange na asije akawa ametoka kidogo. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa tisa, barabara ni rahisi zaidi. Ila mie napenda pia mwezi wa kumi na mbili, embe zimeiva njia nzima.

Halafu salamu. Huku kwetu ukianza na "mwangaluka" mambo mengi yanakuwa mepesi. Ukimsalimia mhudumu vizuri, ukamuuliza ametokea wapi, ukamwambia na wewe umetokea wapi, atakutembeza tofauti kabisa na mtu aliyeingia simu mkononi anauliza bei.

HATUA YA 4: Ukishaingia, anza na nyumba, halafu ndo picha

Kaa uani kwanza. Tembe ni nyumba ya paa la bapa, kuta nene za udongo, vyumba vimezunguka ua. Weka mkono ukutani saa sita mchana usikie ubaridi. Babu alinieleza paa bapa lilikuwa na faida ya kuanika nafaka juu, na ua uliozungushwa vyumba ni kwa ajili ya usalama, mifugo na watu wanalala ndani, mlango mmoja unafungwa. Mlango wenyewe ni wa kuchongwa, kazi ya watu wa pwani, kwa hiyo kwenye nyumba moja unaona ukuta wa bara na mlango wa mwambao, biashara yote ya karne ile imesimama hapo mbele yako.

Halafu ingia vyumbani. Kuna nakala za barua, kuna ramani, kuna picha. Soma taratibu na uweke matukio sawa kichwani, kwa ufupi yako hivi: Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika hapa Juni 1871 anamtafuta Livingstone, akakuta vita, maana Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameshafunga njia ya Ujiji na anapigana na Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu, wakashindwa vibaya, Agosti ile Mirambo akachoma sehemu ya Tabora. Ikabidi Stanley azunguke kusini ndo afike Ujiji, na huko ndo akamkuta Livingstone. Wakarudi hapa wote wawili Februari 1872, Stanley akaondoka 14 Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki kwenye nyumba hii peke yake anasubiri watu na mizigo mpaka 25 Agosti 1872. Watu waliotumwa na Stanley walikuwa 57. Akaondoka nao na hakurudi tena akiwa hai.

Hapo sasa simama. Maana ndo sehemu ambayo mie kila nikifika roho inanyong'onyea. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake, kina Susi na Chuma, wakauzika moyo wake kule chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu. Walivyofika hapa Unyanyembe wakakutana na Cameron, msafiri mwingine wa Kizungu, akawashauri wamzike hapa hapa kwa sababu njia ni ya hatari. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Aprili ile mwili ukazikwa Westminster Abbey, London. Fikiria umbali huo, kwa mabega ya watu, bila mtu wa kuwalazimisha. Nilivyomsomea babu habari hii alikaa kimya muda mrefu, akasema "walikuwa wameahidi", basi.

Kwenye wapagazi ndo alifunguka zaidi. Tulikuwa tumesimama kwenye picha ya msafara, akaangalia mizigo akasema hawa wanaobeba begani ni wetu, wa pwani wanabeba kichwani. Na ni kweli, hata wazungu wa wakati ule waliandika hivyohivyo. Akanieleza babu yake yeye alikuwa na sugu begani ngumu kama kisigino, akiwa mtoto alikuwa anaigusa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na zaidi, na pembe kubwa ya tembo inaweza kuzidi hapo, na Bagamoyo mpaka hapa ni safari ya miezi mitatu hivi. Mbele anatangulia kirangozi, baragumu linalia, nyimbo zinaimbwa, na kijana ambaye hajafika pwani alikuwa anaonekana bado hajakua. Ujira wa vitambaa, merikani na kaniki. Mambo haya mengi hayajaandikwa pale ukutani, nimeyapata kwa sababu nilikuwa na swali na nilikuwa na babu.

Usijaribu kusoma kila kibao. Chagua vitu vitatu, kaa na kila kimoja dakika kumi. Mie vyangu ni mlango, ramani ya njia, na ule ua.

HATUA YA 5: Fuata njia mpaka Ujiji

Kama unaweza, mwaka huohuo nenda upande wa pili. Tabora mpaka Kigoma kwa reli ni kilomita 400 na kidogo, hakiki ratiba stesheni kwanza kwa sababu inabadilika. Reli ilifika Kigoma 1914 na jengo la stesheni la Wajerumani liko palepale juu ya ziwa, ukishuka usikimbilie bodaboda, geuka nyuma ulitazame.

Ukiwa Kigoma uliza Liemba, na kama ipo nenda ukaiangalie hata kwa mbali. Hiyo meli ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande ikawekwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar halafu kwa reli, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe Wabelgiji wasiichukue, injini wameipaka grisi, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikawa Liemba. Meli iliyozamishwa chini ya maji ikaamka ikabeba watu wetu miaka na miaka, ukiwaeleza watoto hawaamini.

Ujiji ni kilomita chache tu kutoka Kigoma mjini, daladala ni nyingi. Kwenye makumbusho ya Livingstone kuna mnara, kuna miembe inayosimuliwa kuwa ni vipandikizi vya mwembe ule ambao chini yake Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871, na ndani kuna sanamu za Stanley na Livingstone wanasalimiana wamevua kofia. Watu wote wanakimbilia kupiga picha na sanamu. Piga, hakuna shida, lakini baadaye rudi ukae chini ya mwembe na ujiulize ni nani HAYUPO kwenye sanamu. Aliyetangulia kumpokea Stanley kwa Kiingereza siku ile ni Susi, alikuja mbio kutoka kwenye umati. Kwenye msafara wa Stanley alikuwepo Bombay, Myao aliyechukuliwa mtumwa utotoni, ambaye kabla ya hapo alishatembea na Burton na Speke, mtu aliyejua njia hizi kuliko mzungu yeyote. Mwambie mhudumu akusimulie hao, utaona anavyochangamka.

Jambo jingine, na hili lisipitwe. Ujiji ulikuwa pia mji wa biashara ya watumwa. Wengi wa waliopitishwa walitoka ng'ambo ya ziwa, na wenyeji wengi wa Ujiji leo asili yao ni Manyema hukohuko ng'ambo. Kwa hiyo kuna familia ambazo historia hii si hadithi kwao. Usiulize mzee wa Ujiji kwa mkato "babu yenu alikuwa mtumwa?", nimewahi kumsikia mgeni anauliza hivyo na mzee akanyanyuka akaondoka. Salimia, "mwakeye" kwa Waha, shikamoo kwa wote, kaa, kunywa kahawa, zungumzia samaki, yeye mwenyewe akitaka atafika huko.

Ukimaliza, nenda ukale migebuka na ugali wa muhogo pale mwaloni. Hii nayo naiweka kwenye mwongozo kwa makusudi, tumbo likiwa tupu akili inataka kurudi gesti.

HATUA YA 6: Ngoma na maigizo

Watu wananiuliza Tabora ukumbi wa tamthilia uko wapi. Nawaambia acha kutafuta jengo, tafuta tukio. Sikukuu za kitaifa, mbio za mwenge, harusi, mavuno, mahafali ya shule, ukumbi wa parokia, hapo ndo jukwaa. Vikundi vingi vya ngoma vinafanya mazoezi jioni kwenye viwanja, uliza mtaani, sauti itakupeleka. Kwa maoni yangu mazoezi ni matamu kuliko onyesho, maana unaona wanavyokosea na kurudia, unaona kiongozi anavyomrekebisha kijana kwa jicho tu.

Kwa Wanyamwezi utakutana na manyanga, ile ya vibuyu vyenye mbegu ndani, na wachezaji wa nyoka, Wayeye. Upande wa Waha ni ngoma kubwa za magogo, wapigaji wengi wanapokezana, na kifua chako kinatetemeka ukiwa mita kumi. Babu yeye alikuwa anahadithiwa na wakubwa zake habari za beni, ngoma iliyoiga bendi za wanajeshi, vyama viwili Marini na Arinoti wanashindana mavazi na gwaride, ilienea mpaka miji yetu wakati wa vita ya kwanza na baada yake. Muulize mzee wa kwenu, anaweza kuwa na jambo.

Taratibu za kufuata:
- Tunza. Ukifurahi, ingia uwanjani utoe ulichonacho, hata mia tano, halafu rudi. Kukaa unarekodi masaa mawili bila kutunza si vizuri.
- Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Ngoma nyingine ni za tiba au za mizimu, kama uswezi, na sehemu zake si za kamera.
- Usikalie ngoma, usiiruke, hata kama imelala pembeni kama kiti.
- Muulize mtu pembeni maneno ya wimbo yana maana gani. Nusu ya utamu ni mafumbo.

Maigizo ya vijana nayo usiyadharau kwa sababu hakuna taa wala mapazia. Kuna mwaka nilienda kuona igizo la mirathi kwenye ukumbi mmoja, tangazo lilisema saa kumi, likaanza saa moja usiku, na katikati umeme ukakatika. Nilijua ndo basi. Binti aliyekuwa anaigiza mjane hakunyamaza hata kidogo, akaendelea kulia na shemeji zake gizani, na watu mmoja mmoja wakaanza kuwasha tochi za simu wakammulikia, mpaka mwisho. Kuna mama nyuma yangu alikuwa analia kwa sauti, baadaye nikasikia anamwambia mwenzake "ndivyo walivyonifanyia". Nimeona maonyesho mengi, hilo siwezi kulisahau. Kwa hiyo ushauri: hesabu kwamba utachelewa, kula kabisa, simu iwe na chaji, na usiondoke mapema.

HATUA YA 7: Vitu vyetu vilivyo mbali

Hii inataka bando tu. Viti vya enzi vya Wanyamwezi, vile vya mgongo mrefu vilivyochongwa kwa gogo, vingine havipo tena huku. Kimoja kiko Metropolitan Museum, New York, unaweza kukiona kwenye tovuti yao bure, na mgongoni kina umbo la mtu limechongwa. Kikuze kwenye simu, mpe fundi seremala wa mtaani akiangalie. Wa kwetu alikaa nacho robo saa, akanionyesha mahali tezo ilipopita na upande mti ulipoelekea.

Ukipata safari ya Dar, Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za makabila mbalimbali, na Bagamoyo ndo mwisho wa njia ya kina babu, chuo cha sanaa TaSUBa kipo hukohuko na tamasha lake, unaunganisha yote.

HATUA YA 8: Usirudi mikono mitupu

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, rekodi sauti. Mie nawasha simu naweka mezani, namuuliza mzee maswali matatu: umeona nini, umekumbuka nini, nani mwingine anajua zaidi? Hilo la tatu ndo dhahabu, kwa babu lilinipeleka kwa bibi mmoja Ipuli anayejua nyimbo za njiani za wapagazi, nimeshapata mbili. Andika jina la aliyesimulia na tarehe kwenye faili, tunza sehemu mbili, na mwulize kama anakubali wengine wasikie.

Kisha rudi makumbusho ukampe mhudumu nakala. Mie nilirudi Kwihara na sauti ya babu kwenye flashi, yule kaka akaisikiliza amesimama uani, akaniomba na jina la kijiji cha babu aliandike. Desemba tunaenda Ujiji na mama mdogo, safari hii swali letu ni walichokula njiani, na yeye ameshaanza kuuliza wenzake sokoni.